Majani Mabichi Mlangoni pa Jecinta

Mutwiri aliwajua watu wa Wabera, mtaa wake pale Isiolo, kwa viatu vyao. Kaa kwenye kigoda kando ya barabara miaka thelathini, kichwa chini na sindano mkononi, hata wewe utawajua hivyo. Soli iliyolika upande wa nje ilikuwa ya mwalimu wa madrasa, mtu wa kukanyaga kwa hasira. Kisigino kilichopasuka katikati kilikuwa cha mama wa maziwa. Nyuso hakuhangaika nazo. Alisema uso una siasa, soli haina.

Kwa hiyo asubuhi ile, viatu vyeusi, vizima, vilivyopigwa rangi, viliposimama mbele yake, alijua havikuja kushonwa. Kiatu kizima kikisimama mbele ya fundi, kimeleta maneno.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Mzuri. Kalia hilo debe, halina kitu."

Mwenye viatu alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, hijabu ya kijani, daftari kwapani. Alisema anaitwa Sirad, anafanya kazi na kaunti, na kazi yake ni kuandika habari za mahali ambapo watu walihama wakapaacha.

"Nimeambiwa ulikuwa Kambi ya Tulia, kule Tulu Dima."

Sindano ilimwingia kidoleni. Mutwiri alikinyonya kidole, akatema mate pembeni.

"Nani amesema?"

"Mzee Mwiti wa miraa. Alisema ulikuwa mshika mlango."

"Mwiti anaongea kama redio iliyotiwa betri mpya."

"Lakini ni uongo?"

Alichukua uzi, akaupaka nta, akaupaka tena mahali palepale.

"Mzee, kesho napanda mlima," Sirad alisema. "Nataka kupiga picha zile nyumba, na zile zilizofungwa nizifungue nione kilichobaki ndani. Ukikubali tutaenda pamoja. Ukikataa nitaenda na mtu wa Kulamawe, kule chini ya mlima, anapajua."

Yote mengine yalipita. Neno moja tu lilimkwama Mutwiri kama mwiba wa samaki: nizifungue.

Maana kulikuwa na nyumba moja Tulu Dima iliyofungwa, na aliyeifunga ni yeye. Aliifunga mtu akiwa ndani. Na huyo mtu alikuwa Jecinta, dada yake wa tumbo moja.

"Nitakuja," alisema. "Lakini hiyo milango usiguse mpaka mimi nifike kwanza."

"Kwa nini?"

"Mbao zimezeeka. Zitakuangukia."

Siku hiyo alishona kiatu cha kushoto cha mtu kwenye cha kulia cha mwingine, akalazimika kufumua.

* * *

Tulu Dima, kwa Kiborana, maana yake ni mlima mwekundu. Mtu wa Meru akiuona atacheka, kwake hicho ni kichuguu. Lakini katika nchi ile tambarare ya Kulamawe, ambapo jicho hukimbia mpaka lichoke, mlima ni mlima.

Kahiga aliupanda mwaka wa themanini na sita. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Nyeri, mwembamba, wa sauti ya chini. Alisema dunia ina kelele nyingi, Mungu akiita hasikiki. Alianza na watu sita. Walipofika miaka mitano walikuwa arobaini na kitu: Wakikuyu, Wameru, wauza duka waliochoka, karani mmoja aliyekimbia kazi ya serikali. Walijenga nyumba za mawe, wakatengeneza tangi chini ya mwamba mkubwa ili mvua ikinyesha maji yateremke humo yenyewe. Walilima maharagwe yaliyoliwa na nyani. Mjini waliitwa Watulivu, wengine wakawaita vichaa.

Mutwiri alipanda akiwa na miaka thelathini na nne, baada ya kuzika mke. Jecinta alimfuata mwaka uliofuata. Mama yao alilia akisema, "Basi mwangalie mtoto wangu." Naye aliahidi kumwangalia.

Kulikuwa na nyumba moja ya pembeni, ukingoni kabisa mwa kambi, iliyoitwa Nyumba ya Arobaini. Aliyetaka aliingia humo siku arobaini bila kusema neno na mtu. Chakula kilipitishwa kwenye tundu la mlangoni. Mtungi wa udongo ulijazwa maji kila Jumamosi. Dirisha dogo lilitazama bondeni, upande usio na watu, ili asimwone mwenzake hata kwa bahati. Na mlango ulifungwa kwa nje: gogo, kisha kamba ya mkonge, na fundo la mshika mlango. Aliyeingia alikuwa ameomba mwenyewe afungwe. Siku ya arobaini mshika mlango alifungua fundo lake kwa mkono wake, watu wakaimba.

Jecinta aliingia mwaka wa tisini na mbili, ule wa kiangazi kibaya, ambapo hata ngamia walikufa.

Sasa sikia kanuni nyingine ya Kahiga, maana mambo yote yalitokea hapo. Mwaka wao wa pili mlimani waliwahi kupatwa na ugonjwa wa kuhara, wakazika wawili. Tangu hapo ikawekwa sheria: nyumba yenye mgonjwa inawekewa majani mabichi kizingitini. Ukiona majani mabichi mlangoni, usiingie, usiguse, nenda kamwite Kahiga. Mtoto aliijua, mzee aliijua.

Siku ya ishirini na sita ya Jecinta, ilikuwa Jumatano, Mutwiri alipeleka uji asubuhi. Akaona majani. Fungu zima la majani mabichi, ya kijani kabisa, limelazwa kizingitini pa dada yake. Wiki hiyohiyo habari zilikuwa zimepanda kutoka bondeni kwamba kuna kipindupindu huko chini.

Angeweza kuita jina lake. Angeweza kuinama kwenye tundu. Bakuli lilimponyoka, akageuka, akapiga kelele katika mahali ambapo hapajapigwa kelele miaka sita:

"Ugonjwa! Kipindupindu kimeingia!"

Watu waliokaa kimya miaka sita, hofu ikiwashika, hukimbia kuliko wengine. Kufikia saa sita mlima ulikuwa mtupu. Kahiga alimshika Mutwiri njiani, akamuuliza, "Na Jecinta?" Mutwiri akamjibu, "Ametolewa, yuko mbele na akina mama." Uongo huo ulitoka mdomoni kabla hajaufikiria, na bondeni watu walitawanyika kila mmoja na njia yake, hakuna aliyeuhakiki.

Siku ya tatu alijaribu kurudi. Alifika kwenye lugga, ule mto wa mchanga ulio chini ya mlima, akakaa chini ya mgunga mpaka jua likapinda, akarudi alikotoka. Nyumbani alimdanganya mama yake kwamba Jecinta ameolewa mbali. Mama alikufa akingoja barua.

Na tangu hapo alikuwa na hesabu moja kichwani. Mtungi ulijazwa Jumamosi, kwa hiyo Jumatano ile ulikuwa na maji nusu. Nusu mtungi, mtu mmoja, akinywa kidogo: siku nane. Katika siku nane mtu anaweza kupita. Mchungaji, mwindaji, yeyote. Miaka thelathini na miwili alikuwa anakunywa yale maji pamoja na dada yake, kijiko kwa kijiko, na kila mara aliyafikisha siku ya nane.

* * *

Lendikruza ya Sirad iliwafikisha Kulamawe saa tatu. Mtu wao alikuwa anawangoja mbele ya duka, kikoi kiunoni, fimbo begani, umri wa hamsini na kitu. Anaitwa Denge. Alipeana salamu na Sirad, salaam aleikum, aleikum salaam, wakaulizana mvua, mifugo, na watu wa Sericho. Kisha akamtazama Mutwiri kuanzia kofia mpaka miguu.

"Huyu mzee wa Meru atapanda kweli? Mzee, juu hakuna miraa."

"Na wewe ukikaa mjini siku mbili unatafuta ngamia wa kukuvusha barabara," Mutwiri alijibu.

Denge alicheka sana, akamshika mkono. "Huyu nimempenda. Twende."

Sirad hakuwa ameeleza Mutwiri ni nani, alisema tu ni mzee anayejua historia. Mutwiri alishukuru kimoyomoyo, akatazama chini. Denge alivaa akala za tairi. Kamba ya kisigino cha kulia ilikuwa imeshonwa, mshono mzuri wa nyuzi mbili, wa kurudi nyuma. Mutwiri aliutazama. Ulikuwa mshono wake. Hakukumbuka kumwona mtu huyu hata siku moja.

"Hizi akala ulishonea wapi?"

"Ah, hizi? Kuna mtu wetu huenda nazo Isiolo. Mimi mjini siendi, kuna kelele."

Walivuka lugga. Ule mgunga ulikuwa bado upo. Mutwiri aliupita bila kuuangalia, kama mtu anavyompita mtu anayemjua mabaya yake.

Njia ilipanda kati ya mawe mekundu. Sirad alikuwa ameshika simu mbele, inarekodi.

"Mzee, sema basi. Kwa nini kambi ilihamwa? Mjini kila mtu ana yake. Wengine wanasema simba. Wengine wanasema mwalimu Kahiga aliota dunia inaisha."

"Maji," Mutwiri alisema. "Maji yaliisha. Kilikuwa kiangazi."

Denge alisimama, akageuka.

"Maji yaliisha wapi? Hilo tangi lilikuwa na maji! Walipokimbia sisi tuliyanywa miezi mitatu, sisi na mbuzi. Mzee, hiyo historia umeisoma gazeti gani?"

Sirad alicheka kidogo. Kisha hakucheka tena, kwa sababu alikuwa ameuona uso wa Mutwiri.

"Labda nimesahau," Mutwiri alisema.

"Labda," Sirad alijibu, akaandika kitu.

Mutwiri alikuwa anahema, na si kwa sababu ya mlima. Kila hatua aliuona mlango. Aliona gogo, aliona kamba, aliona fundo lake lilivyokaa: mara mbili kulia, mara moja kushoto. Alijiuliza mkonge unakaa miaka mingapi. Alijiuliza, mtu akikaa ndani ya mawe, kavu, miaka thelathini na miwili, hubaki nini. Alijiuliza kama atamtambua kwa kitambaa, au kwa meno, lile pengo la mbele. Mkono ulienda mfukoni wenyewe, ukashika kibweta chake cha bati cha sindano, ambacho hatoki bila kukibeba, kama wengine wasivyotoka bila rozari.

Juu, nyumba nyingi zilikuwa zimebaki kuta. Paa zilishaibwa na upepo, na watu. Ndani ya ukumbi wa sala mlikuwa na kinyesi cha mbuzi kimejaa mpaka magotini. Sirad alipiga picha. Aliuliza hapa palikuwa nini, na pale, naye Mutwiri alijibu vizuri, jiko, bweni la wanaume, bustani ya Kahiga, akijaribu kurefusha. Alieleza habari za maharagwe na nyani mara mbili.

"Na ile ya kule pembeni?" Sirad aliuliza.

"Ile ni stoo."

"Stoo!" Denge alisema. "Hiyo ndiyo nyumba yenyewe. Njooni."

"Ngojeni!" Mutwiri alipaza sauti, mpaka njiwa wakaruka ukutani. "Nilisema mimi kwanza. Nilikwambia, binti yangu. Mimi kwanza."

Wakamwacha apite.

Kutoka bustani mpaka Nyumba ya Arobaini ni hatua kama sitini. Alizihesabu zamani, akibeba uji. Alifika kwenye kona, akafumba macho, akapita kona, akayafumbua.

Mlango haukuwepo. Palikuwa na nafasi tu, mawe mawili ya pembeni, na ndani jua limeingia. Sakafu tupu. Kinyesi cha popo. Kipande cha mtungi. Aliingia, akainama, akapapasa vumbi kwa mikono miwili kama mtu aliyepoteza sindano.

"Unatafuta mlango?" Denge alikuwa nyuma yake. "Mlango uko kwangu. Ni mlango wa zizi la mbuzi, mbao nzuri sana. Wale watu hawakujua kulima lakini mbao walijua."

"Nani aliufungua?"

"Sisi. Mimi na kaka yangu na mama."

"Mlikuta nini?"

Denge alikaa kizingitini, akanyoosha miguu. Sirad alichuchumaa, simu mbele.

"Nianze mwanzo. Mwaka ule tulikuwa bonde hili la nyuma. Maji hakuna, na tangi la huku juu lilikuwa la wenyewe. Mama yangu akapita hapa chini ya dirisha, amebeba dada yangu mdogo, mtoto anakufa kwa kiu. Mkono ukatoka dirishani na kikombe. Mkono tu! Haukusema neno. Kesho yake mama akarudi, mkono ukatoka tena. Ikawa kila asubuhi. Kina mama wanne, watano, na watoto."

"Maji gani?" Mutwiri aliuliza. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Maji yake. Ya mtungi wake."

Mutwiri aliketi chini kwenye vumbi. Nusu mtungi, mtu mmoja, siku nane. Watu kumi! Zile siku nane alizozilea miaka yote zilikauka palepale mbele yake, zikawa siku moja. Hata moja haikufika.

"Mzee, uko sawa?" Sirad aliuliza.

"Endelea," alimwambia Denge.

"Basi mama akasema, huyu mtu lazima tumshukuru. Kwetu ukimshukuru mtu, ukimwombea amani, unampelekea majani mabichi. Majani ndiyo mvua, majani ndiyo uhai. Lakini utayapata wapi mwaka ule? Mama alitembea mpaka nyuma ya mwamba kule, ambapo maji ya tangi yalikuwa yanavuja kidogo, akakata majani ya hapo kwa kisu, yote yaliyokuwepo. Mbuzi wetu walikuwa wanakufa, na yeye hakuwapa. Alfajiri akayaweka hapa, hapa nilipokaa. Halafu asubuhi tukasikia mtu anapiga kelele juu, na watu wote wanateremka kama nyuki. Mpaka leo sijui waliona nini. Mama alikuwa anasema labda waliona malaika."

Upepo ulipita katika dirisha lile dogo.

"Siku ya pili mkono ulikuwepo bado. Siku ya tatu mama akaenda, mkono hakuna. Akasikia kitu kinagonga ukuta, polepole. Alikuja akituita anakimbia. Tukakuta kamba, fundo gumu, sijawahi kuona fundo kama hilo. Kaka yangu alilikata kwa panga."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

Mutwiri alifunika uso. Siku ya tatu. Siku ileile alikuwa amekaa chini ya mgunga, pale luggani, mwendo wa saa moja.

"Andika," alimwambia Sirad, uso bado umefunikwa. "Yale ya maji futa. Andika hawakuona malaika. Andika mshika mlango aliona majani, akadhani ni ugonjwa, akapiga kelele, akamwacha dada yake amemfungia. Alipoulizwa akasema ametolewa. Anaitwa Mutwiri, ni fundi viatu, Wabera. Usiache hata neno moja."

Sirad hakuandika. Simu ilikuwa imeshashika yote.

Denge alisimama taratibu, fimbo mkononi. Mutwiri aliziona zile akala zikisogea mpaka mbele yake, zikasimama. Alingoja fimbo. Kusema kweli aliitaka.

"Kumbe ni wewe," Denge alisema. "Yeye alituambia ana kaka. Tulitaka kukutafuta. Akasema, msimwite. Njia anaijua."

"Alisema... Yuko wapi?"

"Yuko wapi? Pale pale uliposhuka gari. Lile duka ni lake. Aliolewa na kaka yangu, Mungu amrehemu, watoto wanne. Sisi tunamwita Faduma. Alikuwa ndani wakati unanitukana habari ya ngamia."

Kisha akatoa simu. "Hapa juu netiwaki iko. Chini hakuna." Akabonyeza, akasema maneno machache ya Kiborana, akanyamaza akisikiliza, akamwekea Mutwiri simu sikioni kwa mkono wake mwenyewe.

Kulikuwa na mlio wa mtu anayepima sukari, karatasi inakunjwa. Kisha pumzi.

Mutwiri alifungua mdomo. Akaufunga tena.

"Mutwiri," sauti ilisema. Ilikuwa sauti nzito ya mwanamke mzima, Kimeru chake kimeingia vumbi. "Unanyamaza? Mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya kunyamaza."

"Jecinta."

"Nimekuletea viatu mara saba. Mara ya kwanza nilitetemeka mpaka nikashika ukuta. Nilisema, akiinua macho tu, nitamwambia. Ukaniambia njoo saa kumi. Mara ya saba nikaleta zangu na za Denge. Ukaniambia njoo saa kumi."

Aliikumbuka miguu. Mungu wangu, aliikumbuka: sandali za kahawia, kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake, kama cha mama yao. Alikishona kiatu kile akakishika mkononi, akakipuliza vumbi.

"Mama alikufa akinisubiri?" Jecinta aliuliza.

"Ndiyo. Nilimwambia umeolewa."

"Hapo hukudanganya sana." Mteja alisema kitu, naye akamjibu, ngoja. "Mimi sijui kama nimekusamehe. Nisikudanganye. Siku nyingine naamka nimesamehe, nikifunga duka nakuta bado. Teremka tu. Na ukifika usikae kwa gari."

Simu ikakatika.

Sirad alimshika mkono huu, Denge ule, wakamwinua kutoka vumbini. Wakati wa kupanda alikuwa ameogopa mifupa. Sasa wakati wa kuteremka aliogopa zaidi, maana mifupa haina macho ya kukutazama nayo. Mara tatu alisimama. Mara ya tatu ilikuwa luggani, chini ya ule mgunga, na jua lilikuwa limepinda vilevile.

"Mzee, upumzike kidogo?" Sirad aliuliza.

"Hapana," Mutwiri alisema. "Hapa hapana. Hapa nikikaa nitarudi."

Akavuka mchanga, kichwa chini kama kawaida yake. Walipofika uwanjani, viatu viwili vilikuwa vimeshatoka mbele ya duka vikasimama juani. Sandali za kahawia. Alizitazama kwa muda, akaona mkanda wa kushoto umeanza kulegea, na mkono ukaenda kwenye kile kibweta mfukoni.

Aliutoa mkono mtupu. Kisha, taratibu, shingo ikiuma kama ya mtu anayetua mzigo, akaanza kuinua uso.